Ulikariri Mshtarii na Zohali shuleni, sasa zipige picha ukiwa uani Kimilili

KAMA ulifanya KCPE kabla mtihani huo haujazikwa mwaka wa 2023, orodha ile bado iko kichwani mwako hata ukiamshwa saa nane za usiku: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Uliikariri kwa ajili ya msamiati. Kitabu kimoja kilisema Zohali, kingine kikasema Sarateni, mkabishana na jirani yako wa dawati mpaka mwalimu akawatoa nje. Swali ambalo halikuja kwenye karatasi ni hili: kati ya hizo zote, umewahi kuziangalia ngapi?

Umeziona mara nyingi tu, ila hukujua. Ile "nyota" kali upande wa magharibi baada ya jua kutua, isiyometameta kama wenzake, mara nyingi ni Zuhura. Ile nyeupe iliyotulia juu karibu na utosi usiku wa Januari 2026 ilikuwa Mshtarii. Ulikuwa unatoka stejini, ukaitazama sekunde mbili, ukarudi kwenye simu.

Sasa hiyo simu ndiyo tunayoitaka. Ukiwa na darubini ndogo, simu ya kawaida na uvumilivu wa mvuvi, unaweza kupiga picha za mashimo ya Mwezini, miezi minne ya Mshtarii na pete za Zohali ukiwa umesimama kwenye nyasi nyuma ya nyumba yenu Kimilili. Na kwa jambo hili hasa, Kimilili ina bahati ambayo London haina.

Bahati yenyewe ni ya ramani. Mji huu uko chini ya digrii moja kaskazini mwa ikweta. Jua, Mwezi na sayari hufuata karibu njia moja angani, na kwetu njia hiyo hupita juu kabisa. Sayari ikifika kilele cha safari yake, ukiwa Kimilili itakuwa zaidi ya digrii 60 kutoka upeo wa macho, uwe mwaka gani. Mwenzako wa London anaonea wivu hali hiyo. Mwaka wa 2019 na 2020 Mshtarii ilikuwa imeshuka kusini, na kule ilipanda digrii 15 au 16 hivi tu, juu kidogo ya paa la jirani. Miezi hiyo hiyo, sisi tulikuwa nayo kwenye digrii zaidi ya 65.

Kwa nini hilo ni muhimu? Kwa sababu adui mkubwa wa picha ya sayari ni hewa. Angalia sarafu iliyo chini ya maji ya mto: inacheza, inapinda, haitulii. Hewa hufanya hivyo hivyo kwa mwanga wa sayari. Sayari ikiwa chini, mwanga wake unapenya hewa nyingi zaidi kabla ya kukufikia. Ikiwa juu, unapenya kidogo. Isitoshe, ule mkondo wa upepo mkali wa angani unaovuma juu ya Ulaya na Marekani na kuharibu picha za watu, huku kwetu ni nadra kutusumbua.

Ndiyo maana Damian Peach, Mwingereza anayejulikana duniani kote kwa picha zake za sayari, alikuwa akifunga vifaa vyake na kusafiri hadi Barbados ili apate hewa tulivu na sayari zilizo juu. Alilipa nauli ya ndege kufuata kitu ambacho wewe unacho bure. Naye Christopher Go, anayeishi Cebu kule Ufilipino, digrii kama 10 tu kutoka ikweta, ndiye aliyegundua mwaka wa 2006 kwamba dhoruba moja kubwa ya Mshtarii, iliyokuwa nyeupe, ilikuwa imegeuka nyekundu. Aliigundua kwa darubini yake mwenyewe, na wanasayansi wakageuza darubini ya angani ya Hubble kuangalia alichokiona.

Kuna jambo lingine la kukupa moyo, hasa kama unakaa katikati ya mji. Umesikia kwamba wanaoangalia nyota wanataka giza totoro, mbali na taa za watu. Hiyo ni kweli kwa nyota hafifu na ile njia nyeupe ya nyota. Kwa Mwezi na sayari, wala! Vitu hivi vina mwanga mwingi kiasi kwamba taa za mulika mwizi sokoni haziwezi kuvifuta. Zuia tu taa isikumulike machoni, simama nyuma ya ukuta, basi. Hata wewe uliyepanga chumba Umoja au Kayole, juu ya paa la ploti yenu Mshtarii inaonekana kama kawaida.

Tuje kwenye darubini, maana hapa ndipo vijana wengi huibiwa mchana.

Utaiona mtandaoni, boksi lina picha ya sayari za rangi zote na maandishi makubwa: inakuza mara 525, mara 675. Usiangalie hiyo namba. Angalia upana wa kioo au lenzi ya mbele, kwa milimita. Kanuni ya wazoefu ni kwamba darubini nzuri, hewa ikiwa tulivu, hukuza kwa manufaa mara mbili ya upana wake kwa milimita. Kwa hivyo darubini ya milimita 76 inafika kama mara 150. Ukiilazimisha 525 utaona ukungu unaotetemeka. Galileo mwenyewe, alipoigundua miezi minne ya Mshtarii mnamo Januari 1610, alitumia darubini iliyokuza mara 20 hivi.

Ukiweza, tafuta yenye kioo cha milimita 114 au 130, na kama mtachanga watu wanne watano kama chama, ya 150 itawafaa miaka mingi. Na usidharau miguu yake. Darubini nzuri kwenye miguu mitatu ya bati inayoyumba ni sawa na kupiga picha ukiwa umepakiwa kwenye bodaboda.

Hapo kwenye miguu ndipo fundi seremala wa Kimilili anaweza kukuokoa. Huko San Francisco kulikuwa na jamaa anaitwa John Dobson, aliyewahi kuwa mtawa, ambaye alitengeneza darubini kubwa kwa mbao na mabomba ya karatasi ngumu. Bomba hukaa kwenye sanduku la mbao linalozunguka kama sahani, na linainuka na kushuka kwa mkono. Hakuna mota, hakuna stima. Mwaka wa 1968 yeye na wenzake walianzisha kikundi cha kuziweka darubini hizo kando ya barabara ili mpita njia yeyote aangalie. Dobson alifariki mwaka wa 2014 na mpaka leo darubini za muundo huo zinaitwa kwa jina lake. Ukimwonyesha fundi anayetengeneza makabati mchoro wake, ataielewa kabla hujamaliza kueleza. Kioo chenyewe ndicho utakachonunua.

Anza na Mwezi. Usianze na Mwezi mpevu, ingawa ndio unaokuvutia. Siku hiyo jua linaupiga uso kwa uso, hakuna vivuli, na picha yako itafanana na sahani ya ugali. Anza siku ya nne hadi ya kumi baada ya mwezi kuandama. Wakati huo kuna mstari unaotenga upande wenye mwanga na wenye giza, na kando ya mstari huo kila jiwe linatupa kivuli kirefu. Ndipo mashimo yanapoonekana kama mashimo. Siku ya saba, Mwezi ukiwa nusu, unaupata juu utosini jua linapotua na unakaa mpaka karibu saa sita usiku. Muda huo unamfaa hata mwanafunzi.

Kuna kreta inaitwa Copernicus. Siku ya tisa hivi ndipo inapotoka gizani. Upana wake ni kilomita 93. Ukichukua kamba ukaivuta moja kwa moja kutoka Kimilili hadi Kisumu, bila kufuata kona za barabara, umepata karibu urefu huo huo. Na hilo ni shimo moja, lililochimbwa na jiwe lililoanguka kutoka angani. Tazama pia milima ya Apennine ya Mwezini siku ya saba au ya nane: vilele vyake virefu vinapita kilomita 5 kutoka uwanda ulio chini yake. Mlima Elgon, unaouona kila asubuhi ukifungua mlango, una mita 4,321 kutoka usawa wa bahari, na shimo la kileleni mwake lina upana wa kilomita kama 8. Lau shimo hilo lingehamishiwa Mwezini, darubini yako ya milimita 114 ingeliona, dogo kama tundu la sindano lakini lipo.

Utaona pia kitu ambacho vitabu vya picha kutoka nje havikukwambia. Kwetu Mwezi mchanga haujasimama kama mabano. Umelala chali, pembe juu, kama mtumbwi. Ni kwa sababu ya ikweta hiyo hiyo.

Sasa simu. Weka kwenye darubini ile lenzi ya kutazamia inayokuza kidogo zaidi, mara nyingi imeandikwa 25 au 20. Lete Mwezi katikati, uweke wazi kwa jicho lako kwanza, kisha sogeza kamera ya simu mahali jicho lilipokuwa. Utaona giza. Sogeza polepole mpaka kiduara cha mwanga kitokee. Ukikipata, usipumue! Mkono peke yake unachosha haraka, kwa hivyo kinauzwa kishikizo maalumu cha kufunga simu kwenye darubini, na mwenye ujuzi wa mikono anaweza kukitengeneza kwa mbao na mpira wa tairi ya baiskeli.

Zima ile hali ya kamera ya usiku. Watu hawaamini nikisema hivi, lakini Mwezi ni mawe yaliyopigwa na jua la mchana. Simu ikiona giza pande zote inadhani kila kitu ni giza, inaongeza mwanga, Mwezi unageuka taa ya gari. Bonyeza kidole juu ya Mwezi kwenye skrini, ushikilie, kisha teremsha mwanga mpaka mashimo yatokee. Kama simu yako inakuruhusu kuchagua mwenyewe, anza na ISO 100 na sehemu ya 1 kwa 125 ya sekunde. Tumia kipima muda cha sekunde tatu ili kidole chako kisitikise chochote.

Zima pia kile kipengele kinachotambua unachopiga na kukiremba. Mwaka wa 2023 kulikuwa na kelele nyingi mtandaoni baada ya mtu kuionyesha simu ya Samsung picha ya Mwezi iliyotiwa ukungu makusudi, nayo simu ikarudisha picha yenye mashimo safi. Kampuni ilieleza kwamba simu zake hutumia akili unde kuboresha picha za Mwezi. Sawa, ni biashara yao. Lakini hujakesha kwenye umande ili simu ikuchoree. Kivuli cha milima ya Apennine jana usiku kilikuwa na urefu fulani, na picha yako ndiyo ushahidi.

Kabla hatujaenda mbali, kuhusu uani kwenyewe. Toa darubini nje nusu saa au saa nzima kabla ya kuanza, ipoe ilingane na hewa. Kioo chenye joto la sebuleni hutoa mawimbi ya hewa ndani ya bomba na hutapata picha safi hata ufanyeje. Simama kwenye nyasi, si kwenye saruji iliyochomwa na jua kutwa nzima. Usielekeze darubini juu ya mabati saa moja jioni, maana mabati bado yanapumua joto la mchana, na usiielekeze juu ya jikoni ya mama wakati githeri iko motoni. Ukingoja saa tatu au nne, mabati yamenyamaza.

Umande wa Kimilili nao una tabia yake. Unashuka na baridi ya mlimani na kukaa kwenye lenzi kama jasho. Usifute kwa shati. Unaweza kuvalisha mdomo wa darubini gamba la karatasi ngumu jeusi, refu kama mkono mpaka kiwiko, litachelewesha umande sana.

Na mawingu? Hapo Elgon hana huruma. Kuanzia Machi hadi karibu Novemba mchana unaweza kuwa mweupe, saa kumi mlima unapika mvua, na usiku unakuja umefunikwa. Mara nyingine mbingu hufunguka baada ya saa sita na kuachia hewa iliyooshwa, safi ajabu, kama unaweza kuamka. Msimu wako wa kweli ni Desemba hadi Februari, ingawa ukikaribia kupanda mahindi moshi wa mashamba unaochomwa huingia kati. Kwa bahati nzuri, Februari 2027 Mshtarii na Mirihi zote mbili zitakuwa upande wa pili wa jua, zikionekana usiku kucha, katika kiangazi chetu. Mirihi itakuwa ndogo safari hii, mbali kuliko ilivyokuwa 2018 na 2020. Mshtarii haitakuangusha.

Jambo la mwisho la uani: waambie watu. Kijana aliyesimama gizani na bomba refu lililoelekezwa juu huwatia wasiwasi majirani, na askari wa doria hawajui Copernicus. Mjulishe mzee wa nyumba kumi mapema. Mama wa jirani akiuliza, "Kijana, hiyo ni nini unaelekezea nyumba yangu?" mjibu kwa heshima, "Shikamoo mama, njoo uone," kisha umwekee Mwezi. Akishaona, ndiye atakayekutetea.

Sasa Mshtarii, na hapa inabidi tuketi kidogo.

Ina upana wa dunia zetu 11 lakini iko mbali mno. Ikiwa karibu nasi kabisa inaonekana angani kwa ukubwa wa sarafu ya shilingi 20 iliyosimamishwa goli hili wewe ukiwa goli lile. Kwa hivyo picha moja ya simu itakupa kidoa cheupe na nukta nne pembeni. Hizo nukta ni Io, Europa, Ganymede na Callisto, ile miezi ya Galileo. Usizidharau. Io inaizunguka Mshtarii kwa chini ya siku mbili. Piga picha saa mbili usiku, piga tena saa sita, uziweke sambamba: nukta zimehama. Umeona sayari nyingine ikizungukwa na miezi yake, ukiwa na kandambili miguuni.

Utagundua tatizo moja. Ukiweka mwanga wa kutosha kuona miezi, sayari yenyewe inaungua na kuwa nyeupe. Ukiupunguza mpaka mikanda miwili ya mawingu ya kahawia itokee, miezi inapotea. Ni kawaida. Piga zote mbili.

Ili upate mikanda hiyo vizuri, acha picha, chukua video. Hii ndiyo siri ya wapiga picha wote wa sayari duniani, wenye pesa na wasio nazo. Hewa inatikisika, lakini kuna nukta za sekunde ambapo inatulia. Ukirekodi dakika mbili kwa fremu 30 kila sekunde, unapata fremu 3,600. Nyingi ni mbovu. Mia chache ni safi. Programu ya bure inayoitwa AutoStakkert, iliyoandikwa na Mholanzi Emil Kraaikamp, inazipanga kutoka nzuri hadi mbaya, inachukua zile nzuri na kuzipandanisha moja juu ya nyingine mpaka chembechembe zinapotea na sayari inabaki. Nyingine ya bure, RegiStax, inanoa matokeo. Zote zinataka kompyuta yenye Windows, hata ile ya saiba, ilimradi mwenye saiba akubali uweke programu.

Nimesema dakika mbili kwa sababu. Mshtarii inajizungusha mara moja kwa saa 10 kasoro dakika tano, haraka kuliko sayari zote. Ukirekodi dakika kumi, mawingu yake yatakuwa yamehama na picha itapakaana. Na kama darubini yako haina mota, usiikimbize sayari. Iweke ukingoni mwa duara, bonyeza kurekodi, toa mikono, iache ipite yenyewe mpaka ukingo wa pili. Halafu irudishe, urudie.

Na unaponoa, kiasi. Kuna picha za sayari mtandaoni zimenolewa hadi zinafanana na bibi harusi aliyepitishwa filta mpaka bwana harusi anamuulizia yuko wapi.

Zohali ni rahisi zaidi kupendwa na ngumu zaidi kupigwa picha, kwa sababu mwanga wake ni hafifu. Pete zake zinaonekana kwa kukuza mara 30 tu. Machi 2025 zilikuwa zimetugeuzia ukingo, nyembamba kama wembe, na tangu hapo zinafunguka mwaka baada ya mwaka. Zuhura yenyewe haina cha kuonyesha usoni ila ina umbo: hupungua na kujaa kama Mwezi.

Sasa sikiza kisa hiki, ndicho kilichonifanya niandike haya yote.

Tarehe 13 Septemba 2021, Mbrazili José Luis Pereira alirekodi video za Mshtarii kama kawaida yake na kuzipitisha kwenye programu inayoitwa DeTeCt, iliyoandikwa na Mfaransa Marc Delcroix, inayotafuta mimweko kwenye video za namna hiyo. Programu ikamwambia kuna kitu. Akamtumia Delcroix, naye akathibitisha: jiwe la angani lilikuwa limeigonga Mshtarii na kuwaka kwa muda mfupi mno, kisha basi. Miaka 12 kabla, tarehe 19 Julai 2009, Anthony Wesley, mwandishi wa programu za kompyuta kule Australia, aliona doa jeusi karibu na ncha ya kusini ya Mshtarii kupitia darubini ya uani kwake. NASA wakaelekeza darubini yao ya Hawaii, wakakuta ni kovu la kugongwa. Wao hawakuwa wameliona.

Mmweko wa Pereira ulitokea saa saba na dakika 39 usiku kwa saa za Kenya, tayari tukiwa tarehe 14. Wakati huo Mshtarii ilikuwa juu ya Kimilili pia, upande wa magharibi, karibu nusu ya mbingu. Darubini moja uani, mawingu yakiruhusu, ingeweza kuunasa.

Wapiga picha wengi wa sayari wako Ulaya, Marekani, Japani na Australia. Kuna saa ambapo Australia kumekucha na Brazil bado ni mchana, na sayari hiyo iko juu ya vichwa vyetu sisi Afrika Mashariki. Mshtarii haingoji mtu aamke. Kwa hivyo kila video unayorekodi, hata iliyo mbovu machoni pako, ipitishe kwenye DeTeCt kabla ya kuifuta, maana hiyo nayo ni ya bure. Andika tarehe na saa kamili, ukitoa saa tatu ili upate saa ya kimataifa wanayotumia wanasayansi. Andika upana wa darubini na mahali. Picha zako nzuri zinaweza kuingia kwenye hifadhi ya PVOL, ambayo inasimamiwa na Chuo Kikuu cha Basque kule Uhispania na hupokea picha za watu wa kawaida. Chombo cha Juno kilipofika Mshtarii mwaka wa 2016, NASA waliomba picha za watu kama hao kuwasaidia kujua mawingu yapi yafaa kuangaliwa.

Ukitaka kuangalia kwanza kabla ya kununua chochote, watafute The Travelling Telescope. Susan Murabana na mumewe Chu Owen waliianzisha mwaka wa 2014, wakizunguka na darubini shule baada ya shule nchini, na pia wana jumba la kuonyesha anga jijini Nairobi. Klabu ya sayansi ya shule yenu ikiandika barua, haipotezi kitu.

Onyo moja, na hili sitanii. Usielekeze darubini kwenye jua, hata sekunde moja, hata jua likiwa jekundu linatua. Jicho linaungua bila maumivu, na simu pia. Darubini nyingine za bei rahisi huja na kikioo cheusi kidogo cha kufunga kwenye lenzi ya kutazamia, kimeandikwa ni cha jua. Kitupe. Kinaweza kupasuka kwa joto jicho lako likiwa pale. Kichujio salama ni kile kinachofunika mdomo wa mbele wa darubini, na kiwe kimetengenezwa kwa kazi hiyo. Nasema mapema kwa sababu tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa, kikamilifu kule Misri, Saudia na Somalia, na kwa sehemu hapa kwetu. Kila mtu atataka kuangalia.

Kupatwa kwa Mwezi ni kwa amani, hakuhitaji kichujio chochote. Kama uliukosa ule wa tarehe 7 Septemba 2025, uliogeuka mwekundu kuanzia saa mbili na nusu usiku hadi saa tatu na dakika 52, jiandae kwa wa tarehe 31 Desemba 2028. Utakuwa mkesha wa mwaka mpya, katikati ya kiangazi. Mwezi utachomoza kaskazini mashariki, mbali na Elgon, ukiwa tayari umeanza kuliwa. Saa moja na robo hivi utakuwa umemezwa wote, mpaka karibu saa mbili na nusu, wakati watu wanaanza kuelekea kanisani kwa kesha. Darubini iwe nje kuanzia saa kumi na mbili jioni, ipoe, na simu iwe na chaji.